Mtufaha Uliozeeka: Usikimbilie Shoka

Katika nyanda za juu za Kenya, pande za Limuru, Kinangop, Molo na Timau, iko miti ya matufaha iliyopandwa zamani na walowezi, kisha ikaachwa bila ya mtu wa kuitunza. Kuanzia mwaka 1962 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na Serikali na kugawanywa kuwa mashamba madogo madogo. Jamaa waliopata ardhi hiyo waliikuta miti imekwisha simama. Walirithi mti, lakini hawakurithi maarifa ya kuutunza, maana aliyeyajua alikuwa amekwenda zake. Basi mti ukakua upendavyo, na mwaka hata mwaka matunda yakapungua.

Leo mwenye shamba autazamapo mti wa namna hiyo, aona mambo mawili tu: kivuli kinachoharibu mboga zake, na kuni za miezi miwili. Shoka li karibu. Lakini kabla ya kulishika, yafaa afanye hesabu. Mche mpya wa mtufaha, hata ukiwa umeunganishwa kitaalamu, huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa, na huchukua zaidi kufikia uzazi wake kamili. Mti mzee wenye afya una mizizi iliyokwisha shika ardhi, nao waweza kurudi kwenye uzazi mwema kwa muda wa miaka mitatu, bila ya kununua mche wala kuchimba shimo. Tena mlaji yupo. Matufaha yanayouzwa Nairobi madukani na kando ya barabara, sehemu kubwa hutoka ng'ambo, hasa Afrika Kusini. Fedha hizo zingeweza kubaki nyumbani, angalau kwa kiasi.

Wasomaji wa pwani wasidhani kwamba tunataja mtofaa wa kwao, ule wenye tunda jekundu mfano wa kengele. Huo ni ndugu wa mkarafuu na mzambarau, nao hupenda joto. Mtufaha tunaousema hapa ni ndugu wa mpeasi na wa waridi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, katika nchi ya Kazakhstan, na kwa sababu hiyo hupenda baridi.

KWA NINI MTI ULIOTUPWA HUACHA KUZAA

Mtufaha hauzai popote tu katika tawi. Katika aina nyingi matunda hutokea kwenye vijiti vifupi vyenye mikunjo mikunjo, urefu wa kidole au pungufu, ambavyo hukua ubavuni mwa matawi yenye umri wa miaka miwili na zaidi. Vijiti hivi tuviite vijiti vya uzazi. Kijiti kimoja chaweza kuzaa kwa miaka mingi, kwa sharti moja: kipate mwanga wa jua. Kikikaa gizani hudhoofika, huacha kuchanua, na mwisho hufa.

Mti usiopogolewa hujifunika wenyewe. Matawi ya juu hutanda kama paa, na yale ya ndani hubaki gizani. Basi uzazi huhama kutoka chini kwenda juu na kutoka ndani kwenda nje, mpaka matunda yote yawe kileleni, mahali pasipofikiwa na mkono wa mchumaji bali na mdomo wa ndege. Na kwa kuwa matawi yamesongamana, upepo haupiti. Majani yaliyolowa kwa mvua hukawia kukauka, na hapo ukungu hupata makao mema.

Jambo la pili ni lile la mti kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Mti usiopunguzwa ukichanua huzaa matunda mengi kupita kiasi, yote madogo, nao hutumia nguvu zake zote. Tena wakati wa matunda hayo ndio wakati ambapo mti hutengeneza matumba ya mwaka ujao, na mbegu zilizo katika matunda mengi huuzuia kuyatengeneza. Kwa hiyo mwaka wa pili haupatikani hata wa kuonja.

Jambo la tatu lahusu nchi za kwetu hasa. Katika Ulaya majira ya baridi huulaza mtufaha usingizi, na aina nyingi za huko huhitaji saa kama 800 au zaidi za baridi iliyo chini ya digrii 7 za sentigredi ndipo macho yake yote yaamke pamoja. Hapa karibu na ikweta baridi ya namna hiyo hupatikana usiku tu, na jua likichomoza huondoka. Mti usiolala vizuri hauamki vizuri: jicho la ncha hufunguka, na yale ya ubavuni hubaki yamefumba. Ndiyo maana mitufaha mingi ya kwetu ina matawi marefu yaliyo uchi kama fito, yenye majani nchani tu. Mtu akiona hivyo hudhani kwamba mti ni mgonjwa, kumbe una usingizi.

MTI UNAOFAA NA USIOFAA

Si kila mti mzee unastahili kazi hii, na mkulima mwenye busara huupima mti kabla ya kuupandia ngazi.

Kwanza, kwaruza gome la matawi mbalimbali kwa ukucha au kwa ncha ya kisu. Chini yake pakiwa kijani na maji maji, tawi li hai. Pakiwa hudhurungi na pakavu, tawi limekufa.

Pili, tazama shina. Shina lenye uwazi ndani si lazima liwe limekwisha, kwa kuwa maji na chakula cha mti hupita katika mbao za nje na chini ya gome, wala si katikati. Lakini ikiwa gome limekufa kuzunguka nusu ya shina au zaidi, mti huo hauna maisha marefu.

Tatu, fukua kidogo penye mizizi mikubwa. Ukikuta chini ya gome la mzizi utando mweupe kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, jua kwamba hapo pana ukungu uozeshao mizizi, ule ule unaowasumbua wakulima wa chai mahali palipokuwa na msitu. Hakuna dawa ya kuponya mti uliokwisha shikwa hivyo. Ung'oe pamoja na mizizi yake kadiri iwezekanavyo, uichome moto, wala usipande mtufaha mwingine mahali pale.

Nne, angalia kama mti unaozaa ndio ule uliokusudiwa. Mtufaha wa shambani huwa ni miti miwili iliyounganishwa: shina la chini la aina moja, na sehemu ya juu ya aina nyingine. Shina la chini likiachwa lichipue kwa miaka mingi, laweza kuishinda sehemu ya juu na kuiua. Mti kama huo ukizaa matunda madogo makali, usiulaumu, mtu hakuutunza.

Kama mizizi ni mizima na shina li hai, uzee wenyewe si kosa. Katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, uko mtufaha katika bustani ya nyumba aliyozaliwa Isaac Newton, mwanachuoni aliyeeleza nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu. Mti huo uliangushwa na dhoruba mwaka 1820. Haukung'olewa, na kutoka shina lililolala likachipuka shina jipya. Unazaa hata leo, ingawa umepita miaka 300.

WAKATI NA VYOMBO

Wakati wa kupogoa ni pale mti unapopumzika: matunda yamekwisha chumwa, majani yamezeeka au yamepukutika, na macho bado hayajavimba. Katika nyanda nyingi za Kenya ya kati hali hii yaweza kuonekana katika miezi ya baridi ya Julai na Agosti, lakini si mashamba yote yaliyo sawa. Mti wenyewe ndio kalenda. Chagua siku kavu. Mvua hurusha mbegu za ukungu kutoka tawi hadi tawi, na donda bichi lililolowa ni mlango uliofunguliwa kwa ugonjwa.

Vyombo si vingi. Yatosha msumeno wenye meno makali, mkasi wa kupogolea kwa matawi yasiyozidi unene wa kidole gumba, na ngazi imara. Panga halifai kabisa. Panga hupasua na kuacha ncha zilizochanika, na donda lililochanika hukawia kufunga. Ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, futa msumeno na mkasi kwa spiriti, hasa kama mti uliotangulia ulikuwa mgonjwa. Ngazi ishikwe na mtu wa pili, na mtu asikae chini ya tawi linalokatwa. Watu wamevunjika miguu kwa kudharau neno hili.

MWAKA WA KWANZA: KUFUNGUA MADIRISHA

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: katika mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya matawi yaliyo hai. Watu wengi hukosea hapa. Mtu huchelewa miaka ishirini, kisha hutaka kumaliza kazi kwa siku moja, akaushusha mti mpaka ukabaki shina na vigutu.

Sababu ya kanuni hii ni rahisi. Mizizi na matawi hupimana kama mizani. Ukikata nusu ya matawi, mizizi hubaki vile vile, nayo huendelea kupeleka juu maji na chakula cha mti mzima. Nguvu hiyo isipopata matawi ya kuipokea, hupasuka katika magome kwa namna ya fito nyingi za wima, ndefu, laini, zisizo na ua hata moja. Mwaka unaofuata mti huwa kichaka kuliko ulivyokuwa, na mwenye kukata husema kwamba kupogoa hakufai. Tena matawi makubwa ndiyo ghala ya akiba ya mti. Ukiyaondoa yote kwa pamoja umeivunja ghala kabla ya mavuno mengine. Na gome lililokaa kivulini miaka mingi, likifunuliwa ghafula kwa jua la ikweta, huungua na kupasuka.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza fuata utaratibu huu.

Anza na vilivyokufa. Ondoa matawi makavu yote, makubwa kwa madogo. Haya hayahesabiwi katika ile robo, maana mti ulikwisha yaacha wenyewe.

Kisha ondoa yaliyo wagonjwa: yenye madonda yaliyodidimia, yenye gome lililopasuka kwa duara, yenye kutoa utomvu mweusi. Kata mpaka uone mbao safi.

Kisha ondoa machipukizi yote yanayotoka chini ya mahali mti ulipounganishwa, na yale yanayotoka ardhini. Haya yafukuliwe na kung'olewa penye mzizi. Yakikatwa juu juu hurudi kwa wingi.

Baada ya hapo ondoka chini ya mti, simama mbali kidogo, uuzunguke na kuutazama. Tafuta tawi moja au mawili makubwa, yasizidi matatu, yanayoziba mwanga katikati, au yanayopandana na kusuguana na mengine. Yaondoe hayo tu. Mti ni kama nyumba yenye giza: hauhitaji kubomolewa, wahitaji madirisha. Ndege akiweza kuruka katikati ya matawi bila kukunja mbawa, madirisha yametosha.

NAMNA YA KUKATA TAWI KUBWA

Tawi zito likikatwa mara moja kutoka juu, huanguka kabla msumeno haujafika mwisho, nalo huchuna gome la shina kama ngozi ya mbuzi. Donda la namna hiyo mti mzee huweza kushindwa kulifunga. Kwa hiyo tawi kubwa hukatwa mara tatu.

Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kadiri ya futi moja kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Mkato wa pili uwe juu, inchi mbili au tatu mbele ya ule wa kwanza, uendelee mpaka tawi lianguke. Sasa kimebaki kigutu chepesi. Mkato wa tatu ndio wa kukiondoa kigutu hicho, na hapa ndipo penye ufundi.

Ukitazama mahali tawi linapokutana na shina utaona uvimbe mdogo kama pete. Hiyo ndiyo shingo ya tawi. Ndani yake mna nguvu za mti za kujenga ukuta wa kuzuia uozo usiingie shinani. Kata nje kidogo ya shingo hiyo. Usiikate yenyewe kwa kutaka shina liwe laini kama nguzo, wala usiache kigutu kirefu nje yake, kwa sababu kigutu hufa, huoza, na uozo huo huingia ndani.

Zamani wakulima walifundishwa kupaka lami au rangi juu ya donda. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone namna uozo unavyokwenda ndani yake, na katika miaka ya 1970 akaeleza kwamba mti hauponyi donda kama mtu aponavyo. Mti hulizungushia ukuta, kisha huota mbao mpya juu yake. Rangi haizuii uozo, na pengine huhifadhi unyevu ambao ukungu waupenda. Basi acha donda wazi, likauke kwa hewa. Kitu kimoja chafaa kupakwa: maji ya chokaa nyeupe juu ya magome yaliyofunuliwa kwa jua, ili yasiungue.

MWAKA WA PILI: KUCHAGUA NA KUINAMISHA

Hata ukikata kwa kiasi, fito za wima zitatokea. Usikasirike, na usizifyeke zote, kwa maana zile ndizo matawi ya kesho. Zile zinazochipua mahali pasipotakiwa zing'oe kwa mkono zingali changa na laini. Zikivutwa hutoka pamoja na macho ya chini yake, wala hazirudi upesi kama zikatwavyo kwa kisu.

Zilizobaki, chagua chache zilizoelekea penye nafasi, zilizoachana futi mbili hivi. Hizo ziinamishe. Funga kamba na kuishikiza kwa kigingi ardhini, au tundika jiwe dogo, mpaka fito ilale karibu na usawa wa ardhi. Fito iliyosimama wima hupeleka nguvu yake nchani na kuzaa majani. Fito iliyolala huigawa nguvu hiyo kwa macho yote ya ubavuni, na macho hayo hugeuka kuwa vijiti vya uzazi. Katika nchi zetu, ambapo macho ya ubavuni hukosa baridi ya kuyaamsha, kuinamisha ni mojawapo ya njia bora za kuyaamsha, tena haina gharama ila kamba.

Mwaka huu pia anza kuushusha mti. Mti wa futi thelathini hauchumiki wala haunyunyiziki dawa. Lakini usiukate kichwa kama ua wa michongoma. Fuata tawi refu mpaka mahali linapotoa tawi jingine la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya unene wake, ukate hapo, ili tawi la pembeni lichukue mahali pa lile lililoondoka. Shusha futi chache tu mwaka huu, na nyingine mwaka ujao, mpaka mti ufike futi kumi na mbili au kumi na nne.

MWAKA WA TATU: KUPUNGUZA MATUNDA

Mwaka wa tatu maliza yaliyobaki: tawi kubwa la mwisho linaloziba mwanga, na vijiti vya uzazi vilivyosongamana kama vidole vya baridi yabisi. Vipunguze, ukiacha vile vilivyonona na vyenye matumba manene.

Mti sasa utachanua, na hapo mwenye shamba hupata jaribu la mwisho: kung'oa matunda kwa mkono wake mwenyewe. Matufaha hutoka kwa vishada vya matano matano. Yanapofikia ukubwa wa kokwa ya tende, acha moja tu katika kila kishada, lile lisilo na kasoro, na baina ya tunda na tunda ache nafasi ya upana wa mkono. Inauma moyo kuyaona matunda mabichi yamelala chini. Lakini matunda yaliyobaki huwa makubwa yenye kuuzika, matawi hayavunjiki, na mti hubaki na nguvu ya kutengeneza maua ya mwaka unaofuata. Asiyepunguza mwaka huu, hana atakachopunguza mwaka ujao.

CHAKULA NA USINGIZI WA MTI

Ondoa nyasi kuzunguka shina kwa upana wa futi tatu au nne, kisha tandaza samadi iliyooza na matandazo makavu, ila yasigusane na gome. Baada ya kukata kwa nguvu usimwage mbolea nyingi ya chumvi chumvi. Itaongeza fito tu.

Kisha ule usingizi. Katika milima ya Batu, kisiwani Java nchini Indonesia, wakulima wa nchi isiyo na majira ya baridi wamefanikiwa kuzalisha matufaha kwa kuulaza mti wenyewe. Baada ya mavuno hupukutisha majani yote kwa mkono, huinamisha matawi, na mti huchanua upya. Kwa njia hii huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa kwetu aweza kujaribu jambo hili katika mti mmoja: baada ya mavuno ayazuie maji ya kunyweshea, kisha ayaondoe majani yaliyozeeka, apogoe, na macho yakianza kuvimba aunyweshe tena. Lakini asifanye hivyo kwa mti uliodhoofika. Mti huo uachiwe majani yake ujipatie nguvu kwanza.

WADUDU NA KUBADILI AINA

Adui ajulikanaye sana wa mitufaha mizee ni vidukari vya sufi. Huonekana kama pamba nyeupe katika mianya ya gome na katika madonda ya zamani. Ukivisugua hutoa maji mekundu. Hufyonza tawi na kuliacha na vinundu, na wengine huishi mizizini. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, na uchome matawi yaliyojaa. Usinyunyizie sumu kali ovyo, kwa maana yuko nyigu mdogo mno ambaye hutaga mayai ndani ya vidukari hivi na kuviua, naye amepelekwa katika nchi nyingi zilimazo matufaha kwa kazi hiyo. Sumu humwua rafiki kabla ya adui.

Mwenye kupanda mti mpya aulize habari za shina lake la chini. Wakulima waligundua zamani kwamba mtufaha wa Kimarekani uitwao Northern Spy haushambuliwi sana na vidukari hivi. Huko Uingereza vituo vya utafiti vya Merton na East Malling viliuchanganya na mashina mengine, na ndipo yakapatikana mashina kama MM 106 na MM 111, ambayo mizizi yake huwashinda wadudu hao.

Na kama mti wako ni mzima lakini aina yake yahitaji baridi kuliko iliyopo kwenu, bado shoka halina kazi. Waweza kuunganisha vijiti vya aina nyingine juu ya matawi yaliyokatwa. Aina ya Anna iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden iliyopatikana katika visiwa vya Bahama, huhitaji baridi kidogo sana. Tena zinafaa kuwa pamoja, kwa kuwa mtufaha hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Wahitaji jirani wa aina nyingine anayechanua wakati mmoja nao, pamoja na nyuki wa kupeleka chavua. Mtufaha mmoja uliosimama peke yake shambani, hata ukipogolewa na fundi, waweza kuchanua bila kuzaa. Tawi moja la aina ya pili lililounganishwa juu yake latosha kuondoa ukiwa huo.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Haihitaji mtaji, yahitaji siku chache katika kila mwaka, na macho ya kuutazama mti kabla ya kuukata. Asiye na hakika na aanze na mti mmoja, ule ulio mbaya kuliko yote, na amwite afisa wa kilimo wa karibu aje autazame pamoja naye. Mti uliochukua miaka ishirini kuharibika hautengenezwi kwa asubuhi moja. Lakini kila mwaka utamwonyesha mwenyewe kama alikata vyema au vibaya, naye atajifunza kwa huo kuliko kwa maneno yetu. Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwa mtufaha neno hilo si mfano bali ni hesabu: miaka mitatu.